Mpini wa mpingo kwa wembe wa babu: anza na kabari

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu alikuwa kinyozi hapa Tanga na ametuachia wembe wake wa kukunja, ule wa zamani wa kunolewa kwenye mkanda wa ngozi. Shingoni umegongwa neno Solingen. Chuma bado kizima, ila mpini wake, unaofanana na plastiki ya rangi ya asali, umepasuka, na ukiufungua unatoa harufu kali. Kutu nayo imeanza kwenye chuma, hasa sehemu inayolala ndani ya mpini. Nimepata kipande cha mpingo kwa mchongaji na nataka kutengeneza mpini mpya mwenyewe. Je, mpingo unafaa? Naweza kutumia gundi tu badala ya ribiti? Nipake nini juu yake? Na nikimaliza, naweza kunyolea wateja saluni kwangu?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na babu. Nitayajibu yote uliyouliza, lakini lipo moja la haraka ambalo hukuliuliza, nalo ndilo naanza nalo.

Utenganishe wembe na huo mpini leo hii. Rangi ya asali, nyufa, harufu kali na kutu ndani ya mpini: dalili zote hizo ni za seluloidi. Ni plastiki iliyoanza kutengenezwa viwandani karne ya 19, na watengenezaji wa nyembe wa Ujerumani na Uingereza waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko pembe za ndovu na magamba ya ng'amba. Hutengenezwa kwa selulosi, kwa mfano pamba, iliyotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Ikiwa nzima, ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto utaisikia hiyo kafuri. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo ndio unaokula chuma chako. Hata ukipaka mafuta kila siku, kutu itarudi maadamu wembe unalala humo.

Seluloidi inashika moto upesi mno. Usiijaribu kwa sindano ya moto kama watu wanavyozoea kujaribu plastiki, usiipeleke kwenye mashine ya kusaga, na usiiache karibu na jiko. Kabla ya kuivunja, ilaze juu ya karatasi ngumu uchore umbo lake kwa penseli pamoja na mahali pa pini zote mbili. Halafu funga makali ya wembe kwa utepe mnene, chukua tupa ndogo, na uisage taratibu kwa mkono ile kofia ya pini mpaka washa yake, kile kipete bapa kilicho chini ya kofia, idondoke. Pini yenyewe isukume kwa msumari uliosawazishwa ncha na mwembamba kuliko pini, mpini ukiwa umelazwa juu ya kipande cha mbao chenye tundu. Usibanue kwa bisibisi. Ukibanua, nguvu yote inaishia kwenye shingo ya wembe.

Chuma chenyewe kisugue kwa msasa mwembamba sana, namba 1000 na kuendelea, pamoja na mafuta. Kisiguse jiwe la umeme. Chuma cha wembe kikipata joto mpaka kigeuke rangi ya buluu, ugumu wake umepotea na hakitashika makali tena. Na una chuma cha kutunzwa: tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani inalilinda jina la mji wa Solingen, lisigongwe kwenye visu na nyembe zisizotengenezwa huko.

Sasa mpini. Wengi wanaoniuliza jambo hili wanaanza na mbao: ipi nzuri, ipi inang'aa. Mbao ni sehemu rahisi. Kinachofanya mpini ufae au usifae ni kabari, na kabari hiyo mara nyingi hutengenezwa mwishoni kwa kipande chochote kilichobaki mezani.

Mpini wa wembe wa kukunja una vibao viwili vyembamba, pini mbili na kabari moja. Pini ya kwanza inapita kwenye tundu la shingo, na wembe unazunguka juu yake. Pini ya pili iko mwisho wa upande mwingine na inashika kabari iliyobanwa kati ya vibao. Pima unene wa shingo ya wembe wako. Nyingi huwa kati ya milimita 4 na 5. Ukiweka kabari yenye unene huohuo, vibao vitakaa sambamba, wembe ukifungwa utapwaya ndani, na siku moja makali yatagusa mbao. Kabari inatakiwa iwe nyembamba kuliko shingo: milimita 2.5 hadi 3 kwenye ncha ya nje ya mpini, ikipungua taratibu mpaka kama milimita 1 upande unaouelekea wembe. Hapo vibao vinakaribiana kadiri vinavyoenda mwisho, vinapinda kidogo sana, na mgongo wa wembe, kwa kuwa ni mnene kuliko nafasi iliyobaki, unashikwa kabla makali hayajazama kupita kiasi.

Utaujua mpini mzuri kwa mkono. Unapoufunga wembe, mwishoni kabisa unasikia mkinzano mdogo, kisha wembe unatulia. Ukiugeuza juu chini haufunguki wenyewe. Ukiutazama kwa juu, makali yamesimama katikati ya vibao, pande zote mbili pana nafasi.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpingo, tengeneza mpini wa karatasi ngumu au wa plaiwudi nyembamba. Pima kutoka katikati ya tundu la shingo hadi ncha ya wembe, ongeza milimita 5 au 6, na hapo ndipo kabari inaanzia. Ncha isiguse kabari kamwe. Shikiza wembe kwenye umbo hilo kwa pini ya muda, uzungushe, uone makali yanaishia wapi. Yanatakiwa yazame ndani ya vibao angalau milimita 2 kutoka ukingo wa chini, ili hata kidole kikipita hapo kisikutane nayo. Kama hayazami, hamisha tundu au ongeza upana wa kibao. Kosa la karatasi halina gharama. La mpingo linauma.

Na mpingo unafaa? Unafaa kuliko karibu mbao zote utakazozipata Tanga. Ni mzito kiasi kwamba unazama majini, haunywi maji kwa urahisi, na ukikauka vizuri haubadiliki umbo ovyo. Ndiyo maana mafundi wa ala za muziki za Ulaya wamekuwa wakiutafuta Tanzania na Msumbiji kwa ajili ya klarineti, obo na zumari za Uskoti, vitu vinavyopuliziwa pumzi yenye unyevu kila siku. Wembe nao unaishi na maji na povu.

Lakini hakikisha ni mpingo kweli. Kwenye masoko ya vinyago kuna mbao nyepesi zinazopakwa rangi ya viatu na kuuzwa kwa jina hilo. Kwangua kona moja kwa kisu: weusi ukiishia juu juu, umeuziwa rangi. Tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji, kizame. Chukua moyo mweusi tu, ile sehemu ya njano ya nje uiache. Na mwulize mchongaji gogo lilikatwa lini, maana wachongaji wengi wanapenda kuchonga mpingo ungali mbichi kwa kuwa ni laini zaidi kwa patasi. Mpini wa mbao mbichi utajikunja baada ya miezi michache na kuutoa wembe katikati.

Ukiwa na wasiwasi, pasua vipande vya unene wa milimita 5 hivi, paka nta kwenye vichwa vyake, vipange na vijiti katikati ili hewa ipite, uviweke kivulini. Vipime kwenye mizani ndogo ya jikoni mara moja kwa wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia kiasi cha unyevu wa hewa ya kwenu na unaweza kuanza. Chagua kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kufuata urefu. Nyuzi zikikatiza mpini kwa mshazari, utapasukia kwenye tundu la pini siku utakapogonga ribiti, yaani kuzifunga ncha za pini kwa nyundo.

Mabaki ya mchongaji ndiyo chanzo ninachokipenda. Mti huu unakua polepole mno, inatajwa miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa, na kuukata kunahitaji kibali. Mpini mmoja unahitaji kipande kisichozidi kiganja. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu miti yote ya jamii yake imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ukitaka kumpelekea ndugu aliye Muscat au London magogo au mbao, kuna karatasi za kufuata. Vitu vilivyokwisha tengenezwa, mwaka 2019 vililegezewa mpaka kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja, lakini uliza maofisa wa misitu kabla ya kusafirisha. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba usiyafikirie hata kwa kabari. Mtu akikuletea, mrudishie. Kwa kabari, pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni inatosha na inapendeza ikikaa katikati ya weusi.

Kukata na kusawazisha sitarefusha. Mpingo unamaliza meno ya msumeno wa seremala, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo. Anza na vibao vya milimita 3.5, vibandike viwili pamoja kwa utepe unaonata pande mbili, uvichonge kwa tupa vikiwa vimeshikana ili vifanane. Unene wa mwisho uwe kama milimita 2.5 hadi 3. Vibao vinene vinaufanya wembe uwe mzito nyuma na havipindi vinavyotakiwa kupinda. Usikandamize kwenye mashine ya msasa, kwa sababu mpingo ukipata joto unapasuka nyufa nyembamba ambazo hutaziona mpaka upake nta. Vaa barakoa. Vumbi lake linawasha macho, ngozi na kifua.

Matundu toboa vibao vikiwa bado vimebandikwa, kwa drili iliyosimama wima. Tundu likilala hata kidogo, wembe utalala nao, na hakuna kabari itakayoliponya kabisa. Liwe umbali wa milimita 4 au zaidi kutoka ukingoni. Kwa pini ya milimita 1.6, toboa 1.7, kwa sababu pini hunenepa inapogongwa, na mpingo kwa ugumu wake wote hauvumilii kutanuliwa. Baada ya hapo vitenganishe.

Hapa watu huruka hatua moja: ng'arisha na upake upande wa ndani kabla ya kuunganisha. Mpini ukishagongwa ribiti, huingii tena humo ndani, na humo ndimo maji ya kunyolea yanapokaa.

Umeuliza juu ya gundi. Gundi tu haitafaa. Pini ya shingoni lazima iruhusu wembe uzunguke, hilo liko wazi. Kwa upande wa kabari, mpingo una mafuta yake ya asili ambayo gundi nyingi haziyashiki, na hewa ya pwani inaijaza mbao unyevu masika na kuikausha kiangazi, hivyo kila kitu kinasogea kidogo mwaka mzima. Pini inaruhusu kusogea huko. Tena, siku utakapotaka kuufungua mpini uondoe kutu au ubadilishe kabari, kilichogundishwa utakivunja.

Pini nzuri ni kijiti cha shaba ya njano cha milimita 1.6. Maduka ya vifaa vya kuchomelea huuza vijiti vya shaba vya unene huo. Kama kimepakwa unga wa kuchomelea, kisugue kiwe safi. Usichukue vile vyekundu vya mafundi friji, vina fosforasi na huchanika vikigongwa. Kijiti kikiwa kigumu, kipashe moto mpaka kiwe chekundu kwa mbali, kiache kipoe, kitalainika. Ukikuta tundu la shingo ni pana kuliko pini, na nyembe nyingi za zamani ziko hivyo, liwekee kibomba kidogo cha shaba kinachojaza nafasi hiyo, la sivyo wembe utatikisika hata ukikaza vipi. Kati ya shingo na kila kibao weka washa nyembamba ya shaba ili chuma kisikwangue mbao. Nje weka washa nyingine ndogo chini ya kila kichwa cha ribiti.

Kabla ya kugonga, unganisha kila kitu kwa skrubu ndogo zinazopita kwenye matundu, zile za mafundi saa na kamera. Funga, fungua, tazama kwa juu. Wembe ukiegemea upande mmoja, toa kabari uisugue msasa upande mmoja tu, kidogo mno, urudishe, utazame tena. Nusu milimita kwenye kabari inaonekana sana kwenye ncha ya wembe. Kaa kwenye hatua hii mpaka uridhike, hata ikichukua jioni nzima. Mpini unatengenezwa hapa.

Sasa ribiti, na hapa mkono mwepesi ndio fundi. Kata pini ibaki nje kiasi cha milimita 0.8 hadi 1 kila upande, uisawazishe ncha kwa tupa. Anza na pini ya kabari. Laza kichwa cha chini juu ya chuma laini kilichong'arishwa, na kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, acha uzito wa nyundo yenyewe uanguke. Usigonge katikati ya pini. Zunguka ukingo wake, ukiusukuma nje kidogo kidogo. Baada ya mapigo machache geuza upande. Utaona ukingo unaanza kufunguka na kuwa kofia, na mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mkavu zaidi washa inapokaa. Acha hapo. Kwa pini ya shingoni fanya vilevile, lakini kila baada ya kugeuza fungua na kufunga wembe. Unataka uzunguke kwa kidole kimoja bila kupwaya. Ukipitiliza, hakuna kurudisha nyuma. Utaitoboa pini na kuanza na nyingine.

Kuhusu kupaka: fundi samani atakushauri poloshi ile ya kuyeyushwa kwa spiriti, kwa kuwa inaufanya mninga upendeze. Kwa wembe haifai, maji huifanya iwe na ukungu mweupe, na spiriti unayojipaka baada ya kunyoa inaiyeyusha. Mafuta ya nazi na ya kupikia pia hapana, hayakauki na yanachacha. Mpingo hauhitaji mengi: msasa 220, 400, 600, 1000, kila namba ikifuta mistari ya iliyotangulia, halafu nta ya nyuki ikipakwa kwa kitambaa na kusuguliwa mpaka iwake. Ukipenda kinga zaidi, anza na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka nyembamba sana, ufute yote yaliyobaki juu. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze nje vikauke, usivifinyange na kuvitupa kwenye ndoo, kwa sababu hupata joto vyenyewe na kuwaka. Ungekuwa unatumia mninga au mtiki ningekwambia vanishi ya poliurethani, tabaka kadhaa nyembamba, ndani na nje.

Na saluni. Hapana, usinyolee wateja kwa wembe huu. Wembe wa kunyoa unakutana na damu, hata ile usiyoiona, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa angalau siku 7. Ili kuusafisha ipasavyo kati ya mteja na mteja ungehitaji kuuchemsha au kuuloweka kwenye dawa, na mbao, kabari na matundu ya pini haviwezi kuvumilia, wakati klorini itakula chuma kilekile unachohangaika kukiokoa. Kwa wateja tumia kishikio cha kuwekea wembe mpya unaotupwa baada ya kila kichwa. Wa babu uwe wa ndevu zako mwenyewe. Ukimaliza kunyoa, ufute pamoja na ndani ya mpini, uache wazi mpaka ukauke kabisa, kisha tone la mafuta mepesi kwenye chuma na jingine kwenye pini.

Ukishautoa mpini wa zamani, niandikie unene wa shingo, upana wa tundu lake, na urefu kutoka tundu hadi ncha. Kwa vipimo hivyo vitatu nitakuchorea kabari yake.